Antibiotiki katika tiba ya meno
Antibiotiki katika tiba ya meno ni dawa za kupambana na bakteria ambazo daktari huandika hasa maambukizi yanapoenea: uso kuvimba, homa au kushindwa kufungua kinywa. Jino linalouma bila dalili hizo huzibwa, hutibiwa mzizi au hung'olewa. Penye jipu, usaha hutolewa.

Mara nyingi huandikwa amoksilini, pengine pamoja na metronidazoli, baada ya mgonjwa kuulizwa kama ana mzio wa penisilini.

Katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kama kwingineko Tanzania, amoksilini hupatikana pia katika maduka ya dawa muhimu. Kumeza vidonge vichache bila cheti huchelewesha tiba na kuchangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa (UVIDA). Uvimbe ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa.