Geuza Uone Ndani

Anayenunua saa ya bei mbaya iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine huambiwa aulize kwanza boksi na karatasi zake. Asome namba iliyochongwa kwenye chuma, ailinganishe na ile ya kwenye karatasi. Kisha ampelekee fundi afungue mfuniko wa nyuma, kwa sababu uso wa saa ni rahisi kuiga kuliko mashine iliyomo tumboni. Mimi sina saa ya namna hiyo na sitarajii kuwa nayo. Ila ushauri huo niliuhitaji mwaka ambao rafiki yangu anayeishi Ujerumani alinitumia picha nne za kinyago.

Kilikuwa kinauzwa katika duka la vitu vya kale. Maelezo ya muuzaji yalikuwa mstari mmoja: cha Kimakonde, cha zamani, kimetoka Newala. Bei yake ingetosha kununua pikipiki mpya. "Wewe ndiye mtu wa huko," aliniandikia. "Niambie, orijino au feki?" Ulikuwa msimu wa korosho nami nilikuwa safarini kwenda kwa mjomba, kwa hiyo picha zile nikaenda nazo.

Masasi iko bondeni, imezungukwa na majabali. Ukitoka hapo kuelekea Newala barabara inapanda hadi juu ya uwanda wa Makonde, na ukifika Newala penyewe, pale Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla na unatazama chini upande wa Mto Ruvuma. Njia nzima nilikuwa nakikuza kile kinyago kwenye simu nikijaribu kukisoma.

Karibu kila aliyewahi kununua kinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, anajua kipimo kimoja: mpingo. Unakinyanyua usikie uzito. Unakwangua kidogo chini ya kitako uone kama weusi ni wa mti wenyewe au ni wa rangi ya viatu. Mwenye ujasiri anaomba ndoo ya maji, kwa sababu mpingo huzama na mti mweupe uliopakwa rangi huelea. Ni kipimo kizuri kwa sanamu za biashara, zile za mashetani na za watu waliobebana zilizoenea kuanzia miaka ya 1950, wakati wachongaji waliovuka kutoka Msumbiji walipopata wateja wa mjini.

Kwa kinyago cha kuchezea ngoma, kipimo hicho kinakudanganya. Kinyago cha ngoma huvaliwa na mtu anayeruka na kutetemeka kwa muda mrefu juani. Nani atacheza na gogo la mpingo usoni? Hivyo huchongwa kwa mti laini na mwepesi. Mtalii anayekipima kwa uzito atakirudisha mezani kile halisi na kuondoka na pambo.

Ngoma hizo huambatana na jando na unyago, na vinyago vyake huitwa midimu upande wetu. Ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde wa Msumbiji huviita mapiko. Vya kwao vingi ni kama kofia, kichwa kizima kinaingia ndani, mchezaji anaona kupitia tundu la mdomo, na juu hupachikwa nywele za binadamu. Vya uwanda wa huku vingi hufunika uso tu. Kwa hiyo hata kabla ya kuuliza umri, umbo lenyewe linakwambia kama muuzaji anajua anachokisema. Kile cha rafiki yangu kilikuwa cha uso. Hapo muuzaji alikuwa hajakosea.

Mjomba alizipitisha zile picha kwa kidole, akarudia ya kwanza.

"Hizi zote ni za mbele. Za ndani ziko wapi?"

Nilimwambia hazikutumwa.

"Basi hujaonyeshwa kitu, mwanangu. Mbele ndiko wanakokupikia."

Akanieleza. Kinyago kipya kinafukizwa moshi, kinafukiwa ardhini, kinapakwa udongo na mafuta, na baada ya muda kinaonekana kimezeeka kuliko babu yako. Ndani ndiko mwigaji husahau. Kilichochezwa kweli kina alama pale kilipogusa paji la uso na kidevu, jasho limeingia kwenye mti. Matundu ya pembeni, yale ya kushonea kitambaa cha kumfunika mchezaji, yamelika upande mmoja kwa kuvutwa na uzi. Matundu yaliyotobolewa jana ni duara safi.

Nikamuuliza kuhusu umri. Hapo alinicheka. Kinyago kilichochongwa juzi kikachezwa jandoni ni halisi, alisema. Kilichochongwa zamani sana kwa ajili ya kumuuzia Mzungu ni cha zamani, basi. Wanunuzi wa nje huyachanganya mambo haya mawili, na bei zao hufuata mchanganyiko huo.

Kisha akauliza swali ambalo rafiki yangu hakuniuliza. "Vya ngoma vina wenyewe. Huyo aliyekitoa Newala aliwauliza?"

Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi, akapanda Newala. Alikuja na fonografu na mashine ya kupigia picha za sinema, akisindikizwa na askari, akakusanya vitu vya kupeleka Ujerumani. Kitabu chake cha safari hiyo kilitoka 1908. Mwaka mmoja kabla hajafika, vita vya Maji Maji vilikuwa vimeikumba kusini, na misheni ya Waanglikana pale Masasi ikachomwa moto. Sidai kwamba kila alichobeba alikinyang'anya. Ninachosema ni kwamba mtu anapokuja kununua na bunduki ziko nyuma yake, mwaka mmoja baada ya vita, neno "kununua" linahitaji kufunguliwa mfuniko wa nyuma.

Na usidhani shida hii iliisha na wakoloni. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakaondoka na vitu kadhaa, kikiwemo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa Paris kwa ajili ya makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva. Hao walikuwa wajuzi, watu waliokusanya sanaa ya Afrika kwa miaka mingi. Kinyago kilikuwa orijino kabisa. Mti ulikuwa sahihi, mikono iliyokichonga ilikuwa sahihi. Kilichokuwa feki ni haki ya muuzaji.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ni ya 1964. Mkataba wa UNESCO wa 1970, unaokataza biashara ya mali za utamaduni zilizotoroshwa, Tanzania iliuridhia 1977. Ufaransa, ambako mauzo yalifanyika, ilijiunga 1997. Uswisi ikasubiri hadi 2003. Mwaka 1985 kinyago kilipita kati ya nchi mbili ambazo hazikuwa ndani ya mkataba huo.

Mwaka 1990 profesa wa Kiitaliano, Enrico Castelli, alifichua kwamba kinyago cha Geneva ndicho kile cha Dar es Salaam. Ungetegemea kingerudi mwaka huohuo. Mazungumzo yalienda, yakakwama, yakarudi. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka shauri mbele ya kamati ya UNESCO inayoshughulikia urejeshaji wa mali za utamaduni, na Baraza la Kimataifa la Makumbusho likasaidia kupatanisha.

Nilimwandikia rafiki yangu usiku ule kutoka Newala. Nilimwomba picha za ndani, na nikamwambia amuulize muuzaji majina na miaka: nani alikuwa nacho kabla yake, na kabla ya huyo, mpaka kifike huku uwandani. Picha za ndani muuzaji alizileta siku ya pili. Majina hakuleta. Rafiki yangu hakununua.

Makubaliano ya kinyago cha Geneva yalitiwa saini Paris tarehe 10 Mei 2010, miaka 26 baada ya wizi. Makumbusho ya Barbier-Mueller yalikikabidhi kwa Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Katika hati hiyo hakiitwi mali iliyoibwa inayorudi kwa mwenyewe. Kinatajwa kuwa ni zawadi.