Sakitu, Jalidi na Barafu

Sokoni Kianjai, Tigania Magharibi, neno barafu limebebeshwa mzigo mkubwa. Ni ile inayopoza soda. Ni ile inayoshuka na mvua na kuchana majani ya migomba. Tena ni ile ambayo mtu aliyetoka Timau atakuambia imemchomea viazi. Mbili za kwanza Kianjai inazijua vizuri. Ya tatu ni ya juu huko, kwenye miteremko ya kaskazini ya Kirimara, yaani Mlima Kenya. Huku chini kwenye maembe haifiki.

Kwa mwenye miti ya matunda, mkanganyo huu ni wa hasara. Mvua ya mawe hukingwa kwa wavu uliotandwa juu ya miti. Wavu huohuo haumsaidii aliyeunguziwa maua na baridi ya usiku. Ukimpigia mshauri simu ukasema "barafu imemaliza miti yangu", atakushauri kuhusu barafu ipi?

Maneno tunayo. Kamusi zinatupa sakitu na jalidi, na kwa kawaida huyafanya visawe. Sakitu wengi tumeisikia kanisani: katika Biblia ya Union Version, Kutoka 16, mana ya jangwani imefananishwa nayo. Jalidi limetoka kwa Waarabu, na kwao lina maana ya barafu. (Barafu lenyewe lina asili ya Uajemi, ambako barf ni theluji. Lilianza likiwa laini, likatufikia likiwa gumu.)

Mimi ningeyatenganisha. Sakitu iwe ule weupe unaoonekana juu ya majani alfajiri. Jalidi iwe baridi yenyewe ya kugandisha, hata isipoacha weupe wowote. Hewa ikiwa kavu sana, mti unaweza kuamka majani yamekuwa meusi na hakuna chembe nyeupe ya kuonyesha. Mkulima asiye na neno la hali hiyo ataanza kutafuta ugonjwa na kununua dawa.

Kuna na neno linalopotosha: kipupwe. Tukilisikia tunafikiria Julai, mawingu na makoti. Lakini mawingu ya Julai huzuia joto la ardhi lisipotee angani. Katika nyanda za juu za Kenya, hatari iko zaidi kwenye usiku mkavu usio na mawingu wa Januari na Februari. Januari 2012 ndivyo chai ya Kericho na Nandi ilivyoungua.

Kuungua, ndiyo. Kitenzi hicho cha wakulima nakitetea. Maji ya ndani ya jani yakiganda hurarua nyama yake, na jua likichomoza jani hunyauka na kuwa jeusi, sawa na lililopitiwa na moto.

Hewa baridi ni nzito. Huteremka na kutuama bondeni. Basi mahali hapo tupaite kituamo cha baridi, na miche ya mparachichi isipandwe hapo. Ua zito lililo chini ya shamba lifunguliwe mwanya, hewa ipite.

Istilahi inayonisumbua zaidi ni kumwagilia. Katika nchi za matufaha, wakulima hurushia miti maji usiku kucha. Maji yanapoganda hutoa joto, na joto hilo hulishikilia ua karibu na nyuzi 0, ilhali maua ya tufaha yaliyochanua huanza kufa kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Ukiyakata maji katikati ya usiku, unyevu unaokauka huipoza miti zaidi na hasara huzidi ya yule ambaye hakufanya kitu. Aliyeambiwa tu "mwagilia" atafunga bomba akalale. Aambiwe akinge kwa maji, bila kukoma, mpaka barafu iyeyuke.

Maafisa wa kilimo na watangazaji wa redio za Meru, tunawaomba: mkitoa tahadhari ya baridi, semeni sakitu au jalidi, mfafanue mara moja, kisha mlirudie neno hilohilo kila msimu.