Ua zuri, kiazi hatari: Jinsi mkalamu unavyokwamisha serotonini

Petali zake ni nyekundu na njano, zimejipinda kwenda juu kama ndimi za moto. Huo ni mkalamu (Gloriosa superba), mmea unaotambaa na kuota porini sehemu nyingi za Tanzania. Kwa mkazi wa Karatu au mgeni anayeelekea Ngorongoro, anaweza kuuona kama pambo tu. Lakini kiazi chake kina kolchisini, sumu ambayo kwa kipimo kidogo sana ni dawa ya gauti.

Inafanya nini mwilini?

Ndani ya kila seli kuna kiunzi cha protini. Sehemu yake moja ni mirija myembamba sana, mikrotubuli. Kolchisini huing'ang'ania protini inayojenga mirija hiyo, na ujenzi unakwama.

Serotonini inahusikaje?

Serotonini ni kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva. Inahusika na hisia, usingizi na hamu ya kula. Hutolewa kwenye ncha ya neva, lakini vifuko vyake na vimeng'enya vya kuitengeneza hutoka mbali, kwenye mwili wa seli, vikisafiri juu ya mikrotubuli.

Fikiria vitunguu vya Mang'ola. Barabara ikikatika, soko la Karatu halifungwi siku hiyohiyo. Wauzaji wanaendelea na magunia yaliyopo, mpaka yaishe. Ncha ya neva nayo ni hivyohivyo: mzigo unarundikana shambani, sokoni unapungua.

Mwaka 1969 mwanasayansi Georg Kreutzberg alionyesha kuwa kolchisini husimamisha usafirishaji huo ndani ya neva.

Vipi dawa nyingine?

Zipo zinazovunja aktini, nyuzi zinazoshikilia vifuko karibu na mlango wa kutokea. Hapa majibu ya maabara yanatofautiana: mara utoaji unapungua, mara unaongezeka. Inategemea neva na jinsi ilivyochochewa.

Vinkristini, dawa ya saratani itokanayo na ua la vinka linalopandwa sana majumbani, nayo hugusa mikrotubuli. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hupata ganzi vidoleni. Ukiipata, mwambie daktari mapema.

Je, dawa ya gauti huharibu hisia?

Kwa kipimo cha daktari, kolchisini huingia kidogo sana kwenye ubongo. Katika majaribio mengi ya wanyama, watafiti huichoma moja kwa moja ndani ya ubongo.

Cha kuzingatia

- Usichimbe wala kula kiazi cha mkalamu. Kinaweza kufananishwa na kiazi kikuu, na kukichemsha hakuondoi sumu.
- Kutapika, tumbo kukata na kuharisha huanza baada ya saa kadhaa. Nafuu ya muda isikudanganye, viungo vinaweza kufeli baadaye.
- Aliyekula apelekwe hospitali haraka, hata kama bado hajisikii vibaya. Nenda na kipande cha mmea.