Form 5 ilienda wapi?

Juzi nilipanda matatu hapa Kitale nikaenda Bungoma kumcheki mtoto wa shangazi. Amepata nafasi ya digrii ya fizikia, na alikuwa amenipigia simu: "Bro, nianze na yuniti gani?" Ananiuliza mimi, msee aliyeacha fizikia mwaka wa pili!

Wasee, hii stori imeanza kabla tuzaliwe. Zamani Kenya ilikuwa na mfumo wa 7-4-2-3. Ukitoka Form 4, uliingia Form 5 na 6, miaka miwili ya masomo machache tu, kisha digrii ya miaka mitatu. Mtu wa sayansi alifika chuo akiwa ameizoea kalkulasi kama chai. Mwaka 1981 tume ya Mackay ikapendekeza 8-4-4. Ikaanza 1985, na mtihani wa mwisho wa Form 6 ukafanywa 1989.

Sasa piga hesabu. 7+4+2+3 ni 16. 8+4+4 pia ni 16. Hakuna kilichopotea, ama? Shida ni kwamba mwaka mmoja ulipelekwa darasa la nane, na darasa la nane hakuna mtu alikuwa anafunzwa kalkulasi. Chuo kikabaki na mwaka mmoja wa ziada, kibebe kazi ya miaka miwili. Ndio maana mwaka wa kwanza unakimbia hivyo. Sisi tuliionja kalkulasi mwishoni mwa Form 4, KCSE ikiwa mlangoni. (Na mfumo mpya wa 2-6-3-3-3 unarudisha digrii ya miaka mitatu. Form 6 hairudi.)

Mimi nilianguka Kalkulasi ya pili nikaiacha kiporo, nikasonga mbele na sumaku na umeme. Ubao ukajaa vekta na intego. Nikasema fizikia ni ngumu, kumbe ni hesabu niliyoruka. Sapu zikarundikana, karo ikaisha, nikarudi nyumbani.

Kwa hivyo nilimwandikia nyuma ya risiti: kalkulasi na mekanika pamoja, semista ya kwanza. Vekta kabla ya sumaku na umeme. Mawimbi, matriki na milinganyo ya diferensha kabla ya kugusa kwanta. Ukianguka hesabu, irudie kwanza, hata marafiki wakikuacha nyuma.

Akaisoma, akaniuliza mbona mimi nisirudi. Sikuwa na jibu. Tukafungua kitabu cha Kalkulasi ya pili kwa meza ya shangazi. Tuko sura ya tatu.