Prosesa nafuu ya gemu: Chunga herufi ya mwisho

MNUNUZI wa Kilosa au Mikumi anayefuata vifaa vya kompyuta Dar es Salaam hana nafasi ya kukosea. Iwe kwa treni ya SGR, iliyoanza kupita Kilosa mwaka 2024, au kwa basi la barabara ya Iringa, kurudisha prosesa isiyofaa ni nauli ya pili.

Kosa lenyewe hujificha katika herufi moja. Intel Core i3-12100F, iliyotoka mwaka 2022, ina viini vinne na humudu vyema gemu nyingi kwa bei ya chini. Hata hivyo, herufi F humaanisha kuwa haitoi picha yenyewe. Bila kadi ya grafiki ya kuchomeka, kioo hubaki cheusi.

AMD Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina viini sita na grafiki yake ndani. Gemu za mpira huchezeka kwa ubora wa wastani, na kadi huweza kuongezwa fedha zikipatikana. Grafiki hiyo huazima RAM ya kompyuta, hivyo vipande viwili vya GB 8 huipa kasi kuliko kimoja cha GB 16.

Kompyuta kuukuu za ofisini zenye Core i5 ya kizazi cha tatu huvutia kwa bei, lakini Windows 11 haizikubali rasmi, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025.

Mazabodi nayo hutofautiana: i3-12100F hukaa kwenye soketi ya LGA 1700, na 5600G kwenye AM4. Majina hayo yaandikwe katika oda kabla fedha hazijatumwa.