Kiti cha Msimamizi: Teritwari za Lualaba tangu 1912

Mkoa wa Lualaba ulizaliwa mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipokatwa vipande vinne. Wilaya mbili, Kolwezi na Lualaba, zilifutwa. Teritwari tano zikabaki: Dilolo, Kapanga, Lubudi, Mutshatsha na Sandoa. Magavana wana picha zao magazetini, na wenye migodi wana magari yao barabarani, lakini cheo cha msimamizi wa teritwari kimewatangulia wote hao.

Cheo hicho kilitokana na agizo la mfalme wa Ubelgiji la tarehe 28 Machi 1912, lililogawa wilaya za Kongo katika teritwari. Miaka miwili tu kabla yake, Katanga ilikuwa ingali mikononi mwa Comité Spécial du Katanga, chombo kilichochanganya utawala na biashara bila haya. Msimamizi wa Kibelgiji alihesabu watu, akakusanya kodi, akachagua chifu wa kutambuliwa na wa kuondolewa, akatoa watu wa kufungua barabara, na tangu 1917 akalazimisha mazao. Kisha aliketi hakimu wa mahakama ya polisi, na aliyempata na hatia alimpeleka katika jela iliyokuwa chini yake mwenyewe. Kwa wanakijiji, Bula Matari, yaani dola ya kikoloni, alikuwa yeye. Waingereza nao walikuwa na mtu wa namna hiyo India, ofisa waliyemwita collector, cheo kilichoanza 1772 na ambacho hadi leo kinakusanya kodi ya ardhi na amani ya wilaya katika meza moja.

Penye shaba, hata hivyo, mkono wa msimamizi ulikuwa mfupi. Mutoshi, ambapo kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilipaita Ruwe, na kambi zilizofuata Kolwezi, zilikuwa na nyumba za kampuni, hospitali ya kampuni, shule za kampuni na walinzi wa kampuni. Msimamizi alisaidia kupata vibarua kutoka vijijini. Walipokwisha kuingia kambini, walikuwa na bwana mwingine. Mzito kijijini, mwepesi mgodini: hali hiyo haijabadilika sana.

Uhuru ulipofika 1960, Wakongo katika ngazi za juu za utawala walihesabika kwa vidole. Shule ya taifa ya sheria na utawala ilifunguliwa Léopoldville haraka haraka kuziba pengo, wakati Katanga yenyewe imejitenga. Kujitenga huko kulikoma Januari 1963, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia Kolwezi. Rais Mobutu alileta majina mapya. Kwa sheria ya Januari 1973 teritwari ikawa zoni, msimamizi akawa komisa wa zoni, na mtumishi wa serikali akawa pia mtumishi wa MPR, chama cha Mobutu. Kadi ya chama haikumlinda mtu: Machi 1977 waasi wa FNLC waliotoka Angola waliiteka Mutshatsha. Mobutu alipoanguka, jina la teritwari lilirudi.

Leo msimamizi huteuliwa na Rais wa Jamhuri na ana wasaidizi wawili, mmoja wa siasa na utawala, mwingine wa uchumi na maendeleo. Huongoza kamati ya usalama, na gavana anaweza kumkabidhi usimamizi wa sekta na machifu. Kule Kapanga anafanya kazi jirani na Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, ambaye amri ya Kinshasa haimpi wala haimnyang'anyi heshima yake.

Udhaifu wake mkubwa umo katika sheria ya Oktoba 2008. Jiji, komini, sekta na milki ya chifu zilipewa utu wa kisheria na bajeti, teritwari haikupewa. Kanuni ya migodi iliyorekebishwa 2018 ikafuata njia hiyo hiyo. Mrabaha wa madini hugawanywa asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 sekta, milki au komini yenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Teritwari ya Mutshatsha haimo. Sekta ya Luilu, iliyo ndani yake, imo.

Mambo ya wachimbaji wa mikono nayo yanampita. Eneo lao hutangazwa na waziri wa migodi, na huduma yao iko chini ya SAEMAPE, idara ya serikali ya kuwasaidia. Pale Mutoshi, mpango wa 2018 hadi 2020 uliowaingiza maelfu yao ndani ya uzio, wakiwa na kofia na viatu, ulikuwa shughuli ya kampuni za Chemaf na Trafigura, shirika la Pact na ushirika wa COMIAKOL. Vurugu zikitokea vijijini, simu ya kwanza humfikia msimamizi. Huo ni mgawanyo mbaya: lawama kwake, fedha kwingine.

Basi mkazi anayetaka kujua fedha za zahanati au daraja zimekwenda wapi asiishie mlangoni kwa msimamizi. Aende kwa mkuu wa sekta au wa komini, aombe kuonyeshwa hesabu za ile asilimia 15.