Mto Thuci na Meza ya Bwana

Muulize mzee wa Manyatta, Embu, ambaye si Mkatoliki babake alibatizwa wapi. Aghalabu atakutajia Waanglikana. Vuka mto Thuci uingie Chuka na Chogoria, jibu ni Presbiteri. Endelea hadi Kaaga, karibu na mji wa Meru, nako ni Methodisti.

Haikutokea hivyo kwa bahati. Wamisionari wa Kiprotestanti waligawana vilima. Daktari T. W. W. Crawford wa CMS, misheni ya Waanglikana, alifungua kituo Kigari mwaka 1910. Wamethodisti wakashika Kaaga miaka miwili baadaye, na mwaka 1922 Waskoti, ambao ni Wapresbiteri, wakatua Chogoria na hospitali yao. Walikubaliana kwamba mmoja asilime shamba la mwenzake. Mapadri wa Consolata kutoka Italia hawakuwa kwenye mapatano hayo, wakajenga walipotaka.

Kugawana kulizaa wazo kubwa zaidi. Juni 1913, wajumbe wa misheni hizo walikutana Thogoto, Kikuyu, kupanga muungano wa makanisa yao. Siku ya kufunga mkutano, ndani ya kanisa la Waskoti, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana, na Wapresbiteri na Wamethodisti wakashiriki pamoja na Waanglikana. Mhubiri alikuwa Mskoti, Norman Maclean.

Habari zikafika Unguja. Askofu Frank Weston, Mwanglikana mwenzao, akaja juu. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashtaki kwa uzushi Peel na Askofu Willis wa Uganda, aliyekuwa naye mkutanoni. Uingereza nzima ikabishana juu ya mkate uliomegwa Thogoto, mpaka vita vya 1914 vikawapa watu jambo jingine la kusema. Mwaka 1918 Weston mwenyewe alihudhuria mkutano wa pili huko huko Thogoto. Kanisa moja halikupatikana, ila ushirika wa misheni uliitwa Alliance, na shule waliyofungua mwaka 1926 ingali na jina hilo.

Kwa maoni yangu, ule ulikuwa umoja wa majirani waliopanda ua kwanza ndipo wakasalimiana. Waliouruka ua ni waumini wenyewe. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, ulifika Kenya mwaka 1937 na kupanda hadi miteremko ya Mlima Kenya. Katika ushirika wa Ndugu, kama watu wa uamsho walivyoitwa, mtu alisimama mbele ya wenzake akakiri wizi wake, au kinyongo alichomfichia jirani. Akimaliza, wote waliimba wimbo wa Tukutendereza, kwa Kiganda, hata wasiojua neno jingine la Kiganda. Ukishaokoka, hakuna aliyekuuliza ulibatizwa ng'ambo gani ya mto. Wakati wa Mau Mau wengi wao walikataa kula kiapo, wakakataa pia kushika bunduki za serikali, na baadhi waliuawa kwa msimamo huo.

Viongozi walijaribu tena miaka ya 1960. Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, Walutheri na Wamoraviani wa Afrika Mashariki walikaa meza moja kuandaa kanisa moja, na mazungumzo yakafifia. Kilichosalia ni chuo chao cha pamoja cha St. Paul's, Limuru, ambacho leo ni chuo kikuu. Hapo kijana wa Manyatta na wa Chogoria husomea uchungaji darasa moja, kisha kila mmoja hurudi kuwekewa mikono na kanisa lake.